Ugaidi kwa Jina la Uislamu na Mlango Usiosomeshwa

Kila linapotokea shambulio la Al-Shabaab, kundi lenye silaha la Somalia, katika Kaunti ya Lamu, pwani ya Kenya, liwe la Hindi, la Pandanguo au la Widhu, jibu la kwanza linalosikika kwenye baraza za mji wa Amu, yaani Lamu, huwa lile lile: "Hao si Waislamu." Wazee hulitamka kwa uchungu wa kweli, makhatibu hulirudia juu ya mimbari siku ya Ijumaa, na wanasiasa hulisema mbele ya waandishi wa habari. Nami nimelisema mara nyingi, hasa nikiwa mbele ya jirani Mkristo ambaye nilimwonea haya kana kwamba ni mimi niliyeshika bunduki. Hata hivyo, kadiri nilivyozidi kulitafakari ndivyo nilivyozidi kuona kwamba jibu hili halimtoshelezi jirani huyo, halimzuii kijana anayevutwa na wauaji, na lenyewe lina kasoro ya kielimu ambayo sisi tuliokaa darsani tungepaswa kuitambua mapema.

Kasoro yenyewe ni hii. Watu wanaovamia vijiji vyetu hutamka shahada, husali, hufunga na husoma Kurani, na kwa msimamo wa wanazuoni wa Sunni mtu wa namna hiyo hatolewi katika Uislamu kwa sababu ya dhambi aliyoitenda, hata ikiwa dhambi hiyo ni kuua. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim imepokewa habari ya Usama bin Zaid, ambaye vitani alimuua mtu aliyekwisha kutamka "La ilaha illa Llah", kisha akajitetea mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba yule alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume alimuuliza kama alimpasua moyo ili aone kilichomo, akalirudia lawama lake mpaka Usama akatamani lau angekuwa ndiyo kwanza anasilimu siku ile. Kumhukumu Mwislamu mwenzako kuwa ni kafiri huitwa takfiri, na takfiri ndiyo silaha ya kwanza ya makundi haya, kabla ya bunduki na kabla ya bomu, kwa kuwa hawawezi kumhalalisha damu askari Mwislamu, chifu Mwislamu au sheikhe anayewapinga mpaka kwanza wamtangaze kuwa ametoka katika dini. Tunaposema "hao si Waislamu" tunaishika silaha hiyo hiyo kwa mpini, na kijana anayetusikiliza hujifunza kwamba ugomvi wetu na wao ni juu ya nani atolewe katika dini, wala si juu ya uhalali wa kumtoa mtu. Kauli iliyo karibu zaidi na elimu ni nzito kuitamka: hao ni Waislamu, na wanalolitenda ni katika madhambi makubwa kabisa yanayojulikana katika Uislamu.

Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba ugaidi unatoka moja kwa moja ndani ya Kurani, kwamba anayeua anatii na asiyeua amelegea. Kauli hii nimeisikia bara baada ya kila msiba mkubwa, na siwezi kumlaumu mjane anayeitamka akiwa kaburini. Ila kama ufafanuzi, haielezi chochote, kwa sababu inashindwa kujibu swali jepesi: ikiwa chanzo ni kitabu chenyewe, imekuwaje watu wa pwani hii wakakisoma kitabu hicho kwa zaidi ya miaka elfu moja, katika miji iliyokuwa na Wahindu, Wakristo na wenye dini za jadi, bila ya mtindo huu wa mauaji kuonekana mpaka mwishoni mwa karne ya 20? Kwa hiyo linalotakiwa kuelezwa ni namna usomaji fulani wa kitabu ulivyozaliwa, ulivyopita, na ulivyotufikia.

Tuanze na usiku wa Jumapili, tarehe 15 Juni 2014, mjini Mpeketoni. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye mikahawa wakitazama Kombe la Dunia wakati watu wenye silaha walipoingia, wakachoma hoteli, magari na kituo cha polisi, na kuua watu wapatao 48. Usiku uliofuata wakaua wengine katika vijiji vya jirani, na jumla ikazidi 60. Manusura walisimulia kwamba wanaume walitolewa nje na kuulizwa dini yao, na aliyeshindwa kujithibitisha kuwa Mwislamu aliuawa. Tarehe 22 Novemba mwaka huo huo, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, abiria wakatenganishwa kwa dini, na watu 28 wakauawa. Huko Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi wa chuo kikuu walitenganishwa vivyo hivyo, na waliokufa walifika 148.

Mtihani huo wa itikadi unaofanywa mbele ya mtutu una historia, na historia hiyo imo ndani ya vitabu vyetu wenyewe. Mwaka 657, baada ya vita vya Siffin, kundi la wafuasi wa Sayyidna Ali lilimwasi kwa sababu alikubali usuluhishi na Muawiya, mpinzani wake vitani, likidai kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake na kwamba mwenye kukubali hukumu ya binadamu amekufuru. Waliitwa Khawariji, yaani waliotoka. Tawi lao kali zaidi, la wafuasi wa Nafi bin al-Azraq, lilikuwa likimsimamisha mtu njiani, likimhoji itikadi yake, na kumuua ikiwa jibu halikuwaridhisha. Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kisa ambacho kila mara nikikisoma hunitetemesha: Khawariji walimkamata Abdallah, mtoto wa Swahaba Khabbab, pamoja na mkewe mjamzito. Njiani mmoja wao aliokota tende iliyoanguka akaitia kinywani, wenzake wakamkemea kwa kula mali ya mtu bila idhini, akaitema. Mwingine aliua nguruwe wa mtu asiye Mwislamu, wakamlazimisha amridhishe mwenyewe. Baada ya uangalifu wote huo walimchinja Abdallah ukingoni mwa mto, na mkewe wakampasua tumbo. Uchamungu wao ulikuwa wa kweli, na ulikwenda sambamba na damu.

Sayyidna Ali alipigana nao Nahrawan mwaka 658, na mwaka 661 mmoja wao, Ibn Muljam, akamuua. Lakini inapokewa kwamba alipoulizwa kama Khawariji ni makafiri alijibu kuwa ukafiri ndio walioukimbia, na kwamba hao ni ndugu zetu waliotuasi. Mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema "hao si Waislamu" hakusema. Hapa niongeze neno kwa ajili ya majirani zetu wa Kiibadhi, ambao watu wengine huwafananisha na Khawariji kwa sababu ya historia ya mwanzo: wao wenyewe wanalikataa jina hilo, na walijitenga na wale wakali tangu karne ya kwanza ya Hijra kwa suala hili hili la damu ya Waislamu wengine. Anayejua Zanzibar au Omani hahitaji ushahidi mrefu.

Tukija kwenye Kurani, aya inayonukuliwa zaidi na wauaji na maadui wa Uislamu kwa pamoja ni ya 5 katika sura ya Tawba, inayoamrisha kuwaua washirikina popote wanapopatikana miezi mitakatifu ikishapita. Aya iliyo kabla yake inawatoa katika amri hiyo washirikina walioahidiana na Waislamu na wasiivunje ahadi, na kuagiza watimiziwe ahadi mpaka mwisho wa muda wake. Aya inayofuata inasema kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Aya ya 13 inataja sababu ya vita hivyo: ni watu waliovunja viapo vyao na wakaanza wao. Aya ya 190 ya sura ya Baqara nayo inaamuru kupigana na wanaopigana na kukataza kuvuka mipaka. Kuichomoa aya moja katikati ya jamaa zake ni jambo ambalo mwalimu wa chuo cha Kurani angemchapia mtoto, lakini ndilo linalofanywa katika kanda, katika mihadhara ya simu, na vilevile katika vitabu vya wale wanaouchukia Uislamu.

Ingekuwa si uaminifu, hata hivyo, kuishia kwenye aya na kujifanya kwamba vitabu vya fikihi havina ugumu. Wanazuoni wa karne za kati waliigawa dunia katika nchi ya Uislamu na nchi ya vita, na wengi wao waliiona jihadi kuwa inajumuisha misafara ambayo mtawala huipeleka nje ya mipaka hata bila kushambuliwa. Waliandika katika zama ambazo kila dola ilikuwa ama vitani na jirani yake ama katika mapatano ya muda, na wanazuoni wa karne iliyopita kama Mahmud Shaltut, aliyekuja kuwa Sheikhe wa Al-Azhar mwaka 1958, waliipitia mada hiyo upya na kuonyesha kwamba Kurani yenyewe inaruhusu vita kwa ajili ya kuzuia uchokozi. Anayemwambia kijana kwamba neno jihadi maana yake ni kupigana na nafsi tu, basi, anampa nusu ya elimu, na siku kijana huyo atakapokutana na nusu ya pili kwenye simu yake atamwona mwalimu wake kuwa mwongo.

Nusu hiyo ya pili imejaa masharti, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, kitabu kinachotegemewa sana ni Minhaji ya Imamu Nawawi. Mlango wake wa vita unaeleza kwamba jihadi kwa asili ni fardhi kifaya, kama sala ya maiti: wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine hawana dhambi. Kutokana na hukumu hiyo moja huzaliwa nyingine. Mtu ambaye wazazi wake ni Waislamu ni haramu kwake kutoka bila idhini yao. Mwenye deni lililofika muda wake ni haramu kusafiri bila idhini ya anayemdai. Kwenda vitani bila ruhusa ya imamu, yaani mtawala, kunachukiza. Kuua mtoto, mwanamke au mwendawazimu asiyepigana ni haramu. Yaani kijana hajafika hata ufukweni bado ana mama wa kumwomba, ana tajiri wa kumlipa, na ana mtawala wa kumsubiri.

Kuna hali moja ambamo ruhusa hizo huondoka: adui akiuingia mji, kupigana huwa fardhi ain juu ya watu wa mji huo, kama sala tano zilivyo juu ya kila mmoja, na hapo mtoto hamsubiri mzazi. Wanazuoni waliifunga hali hiyo kwa masafa: waliopo mahali penyewe, na walio karibu ikiwa wa kwanza hawatoshi. Katika miaka ya 1980, wakati wa vita vya Afghanistan, Abdullah Azzam, Mpalestina aliyesomea Al-Azhar, aliitanua hukumu hiyo mpaka ikaifunika dunia nzima: madhali kuna shibiri moja ya ardhi ya Waislamu mikononi mwa wengine, jihadi ni fardhi ain juu ya kila Mwislamu, na mtoto ataondoka bila idhini ya baba wala mama. Neno moja lilihamishwa, kifaya likawa ain, na kwa kuhamishwa kwake kijana alifunguliwa kamba zote zilizomfunga kwa mzazi, kwa mdai, kwa mwalimu na kwa mtawala.

Azzam hakuwa peke yake. Nchini Misri, Sayyid Qutb, aliyenyongwa mwaka 1966, alikuwa amekwisha kueneza wazo kwamba jamii za Waislamu zenyewe zimerudi katika ujahili kwa kuwa hazitawaliwi na sharia. Fundi wa umeme aitwaye Muhammad Abd al-Salam Faraj akalitumia wazo hilo, pamoja na fatwa ya Ibn Taymiyya dhidi ya watawala wa Kimongolia wa miaka ya 1300, kuhalalisha kuuawa kwa Rais Sadat tarehe 6 Oktoba 1981. Pale takfiri ya Khawariji na fardhi ain iliyotanuliwa zilipokutana, kilichobaki kilikuwa ni nani wa kuuawa. Tarehe 23 Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitoa tamko walilolipa sura ya fatwa, wakisema kwamba kuwaua Wamarekani na washirika wao, raia na wanajeshi, ni fardhi ain juu ya kila Mwislamu katika nchi yoyote. Bin Laden alitoka katika familia ya wajenzi matajiri, na Ayman al-Zawahiri, aliyetia saini baada yake, alikuwa daktari wa upasuaji. Hakuna kati ya wawili hao aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mufti, mwenye elimu ya kutoa fatwa. Haikupita miezi sita, tarehe 7 Agosti, mabomu yakalipuka Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na katika hao Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11. Hivyo ndivyo sentensi iliyoandikwa na watu wasio na ijaza, yaani idhini ya kielimu kutoka kwa wanazuoni, ilivyolipwa na makarani, wachuuzi na wapita njia wa Afrika Mashariki, Waislamu wakiwemo.

Mmoja wa waliopanga mauaji hayo alikuja kuishi kwetu. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, kisiwa cha Ngazija, alifika Siyu katika kisiwa cha Pate miaka michache baadaye kwa jina jingine, akakaa na watu, akaoa, akajulikana kama mtu wa dini. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, na jina lake likatajwa tena. Aliuawa Mogadishu mwezi Juni 2011. Kwa miaka mingi Siyu imebeba doa hilo, na mtu wa nje akilisikia jina la mji huo hukumbuka gaidi. Sisi tunaikumbuka Siyu kwa jambo jingine: katika karne ya 18 na ya 19 ilikuwa mji wa wanazuoni na wa mafundi wa kunakili misahafu, waliopamba kurasa kwa wino mwekundu na mweusi, na kazi zao zimehifadhiwa mpaka leo. Neno la Mwenyezi Mungu lilipita chini ya kalamu za mji huo herufi kwa herufi, tangu Alhamdu mpaka Nasi, Tawba ikiwa ndani yake.

Na Ngazija ilitupatia mtu mwingine kabla ya huyo. Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil, alikuja Amu katika nusu ya pili ya karne ya 19, akasomesha, akatibu wagonjwa, na akawafungulia darsa wale ambao wenye mji hawakutaka wasome: watumwa, watoto wa watumwa na wahamiaji maskini waliojenga vibanda vya makuti pembezoni. Alipingwa vikali kwa hilo. Msikiti wa Riyadha alioujenga ndio unaokusanya maelfu ya watu kila Mfungo Sita kwa Maulidi, na chuo chake kimetoa walimu walioenea Afrika Mashariki nzima. Alifariki mwaka 1935 bila kumlazimisha mtu yeyote kwa upanga. Watu wawili kutoka kisiwa kimoja, wenye msahafu mmoja, wote waliokuja kwenye visiwa vyetu kwa sura ya wafundishaji. Anayesema kwamba kitabu peke yake kinatosha kueleza tofauti yao hajaitazama tofauti hiyo.

Nisieleweke kwamba nawagawa Waislamu wa pwani kuwa wapenda Maulidi walio wema na wapinga Maulidi walio hatari. Mgawanyo huo ni wa uvivu, na umewaponza wengi wasio na hatia. Sheikhe Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanafunzi wa fikra zake, Sheikhe Abdullah Saleh Farsy, aliyetafsiri Kurani kwa Kiswahili, walizikosoa mila nyingi zilizopendwa na watu wetu, na walifanya hivyo kwa kalamu na hoja. Kuyaona Maulidi kuwa ni bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini, ni rai ya kielimu, na mwenye rai hiyo ana haki ya kuisomesha. Al-Shabaab walipoanza kuvunja makaburi ya masheikhe wa Kisufi nchini Somalia, lililowatenga na wakosoaji hao ni kujipa haki ya kuhukumu na kuadhibu bila kuulizwa na yeyote.

Kwa nini basi kijana wa Amu, wa Faza au wa Malindi aende kwao? Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa utafiti uliowahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya namna hii barani Afrika, wengi wao wakiwa wa Al-Shabaab. Asilimia 51 waliitaja dini kuwa sababu, na wakati huo huo asilimia 57 walikiri kwamba walikuwa na uelewa mdogo wa maandiko ya dini au hawakuwa nao kabisa. Asilimia 71 walisema kwamba kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Tarakimu hizi tatu nazisoma pamoja, kwa sababu zinaonyesha jinsi mambo yanavyofungamana: dhuluma humpa kijana hasira, na dini asiyoijua humpa hasira hiyo jina tukufu.

Dhuluma za kwetu zinajulikana. Tamko la Al-Shabaab baada ya Mpeketoni lilitaja kuwapo kwa jeshi la Kenya nchini Somalia, kuuawa kwa masheikhe Mombasa, na madai kwamba Mpeketoni ilikuwa ardhi ya Waislamu iliyochukuliwa. Ni kweli kwamba mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970 uliwaleta walowezi kutoka bara na kuwapa hati, ilhali wenyeji wengi wa Lamu wanakaa mpaka leo kwenye ardhi ya babu zao bila karatasi yoyote. Ni kweli pia kwamba Aboud Rogo, mhubiri aliyezaliwa kwenye visiwa vyetu na aliyewashawishi vijana wengi, alipigwa risasi ndani ya gari lake tarehe 27 Agosti 2012 badala ya kumaliza kesi zake mahakamani, na kwa kufa kwake namna hiyo kanda zake zilipata wasikilizaji ambao hakuwahi kuwapata akiwa hai. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati wa mashambulio ya Mpeketoni, alisema kwamba yalitokana na mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Kisha Julai 2014, ndani ya Ramadhani, ikaja amri ya kutotoka usiku, uvuvi wa usiku ukasimama, na hali hiyo ikadumu kwa miaka. Mvuvi aliyekuwa akitupa jarife usiku kwa mwezi na maji alikaa ndani akisikiliza bahari. Ninayataja haya yote kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu hakuna hata moja kati yake linalomhalalishia mtu damu ya fundi cherehani au mwenye duka wa Mpeketoni, ambaye hakuchora ramani ya ardhi wala hakupeleka jeshi popote.

Hata kwa hukumu kali zaidi ya fikihi, watu wa Mpeketoni walikuwa watu wa ahadi, yaani wanaoishi na Waislamu kwa mkataba wa amani. Bukhari amepokea kutoka kwa Mtume kwamba mwenye kumuua mtu wa ahadi hatainusa harufu ya Pepo. Na ahadi ya Waislamu wa pwani na Kenya haihitaji kubuniwa: Oktoba 1963 waziri mkuu wa Kenya na waziri mkuu wa Zanzibar waliandikiana barua, Mwambao, yaani ukanda huu wa pwani, ukaingia Kenya kwa sharti kwamba mahakama za kadhi zitalindwa, na mahakama hizo zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Tunaoa, tunaachana na tunarithi chini ya ahadi hiyo. Anayekula matunda ya mkataba kisha akamwaga damu ya aliyeko upande wa pili wa mkataba anaivunja aya ya kwanza ya sura ya Maida, inayowaamuru walioamini watimize ahadi zao.

Waislamu wenyewe ndio wamelipa sehemu kubwa ya gharama. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililipuka kwenye njia panda ya Zoobe mjini Mogadishu, na waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 580, karibu wote Waislamu. Siku tano kabla ya Mpeketoni, Sheikhe Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya na mpinzani wa wazi wa itikadi hiyo, aliuawa Mombasa akielekea msikitini. Na tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine liliposimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, wanawake wakawafunika wenzao kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo kwa kukataa, akafariki mwezi uliofuata. Washambuliaji waliuliza swali la Khawariji, na gari zima halikulijibu.

Ninarudi kwenye darsa, kwa kuwa hapo ndipo sisi wenyewe tulipo na uwezo. Mtoto wa chuo kwetu huhitimisha Kurani, kisha husoma Safina, kijitabu kidogo cha fikihi kinachoanza na nguzo za dini, kikaendelea na twahara na sala, na kikakoma karibu na zaka na saumu. Wengi hawaendi mbele zaidi. Mlango wa vita umo katika vitabu vikubwa ambavyo wachache huvifikia, na hata hao wachache, mwalimu huuruka. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Alinieleza kwamba anaogopa mtu atamrekodi kwa simu, akate nusu ya sentensi, na kesho yake aitwe kujieleza. Na kwamba ana wenzake wanaojulikana kwa wema ambao wameshaitwa. Hofu yake ninaielewa, na sitaki yeyote aidharau. Lakini mlango ukirukwa darsani haubaki mtupu, kwa sababu kijana ataukuta wazi kwenye simu, umesomeshwa na mtu asiyemjua, bila masharti, bila mama na bila mdai.

Mwalimu huyo alikubali hatimaye kuusoma, baada ya magharibi, kwa vijana kumi na kidogo, wazazi wakiwa wamealikwa kukaa nyuma. Nilikuwapo. Alianza na fardhi kifaya na mfano wa sala ya maiti, akaja kwenye idhini ya wazazi, na kijana mmoja aliyekuwa karibu na nguzo akanyoosha mkono. "Maalim, na mama akikataa?" Mwalimu akamwambia asome mwenyewe lililoandikwa. Kijana akasogeza kitabu kwenye taa, akafuata mstari kwa kidole, akasoma kwa sauti neno la Kiarabu ambalo sote tulilijua: ni haramu. Nyuma yetu mama mmoja akakohoa, na mwalimu akafungua ukurasa wa pili, kwenye hukumu ya mwenye deni.